Unga Mweupe wa Mama Maganga

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka uani, kabla hata jogoo wa kwanza hajawika. Kisu kilikuwa kinakwangua kitu, kinasita, kisha kinakwangua tena. Eustace alifumbua macho gizani, akatulia palepale kwenye kitanda cha kamba alichopewa na mwenyeji wake. Chumba kilinuka uchachu, kama ngozi iliyolowekwa. Mikwaruzo mitano, kimya. Mikwaruzo mitano, kimya. Anayekwangua alikuwa ametega sikio, ajue kama mgeni angali amelala.

Eustace akakohoa. Kisu kikanyamaza.

"Mayu Mageni, ni wewe?" akauliza, akimwita mama kwa lugha ya pale.

"Ni mimi, mwanangu. Lala. Nachonga mwiko."

Mtu hachongi mwiko gizani. Eustace alivaa viatu akatoka. Bibi Mageni alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, na juu ya ungo ametandaza khanga kwa haraka hata ncha yake moja imeingia kwenye majivu. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la kijivu. Alipoona vinatazamwa, akavificha.

"Shikamoo."

"Marahaba. Maji yako ya kuoga yapo jikoni, yana moto. Nimekuwekea na kipande cha sabuni. Ndicho cha mwisho, usikidondoshe ndani ya ndoo."

Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani dukani hata kwa mwenye duka. Eustace alishukuru, akachukua maji, wala hakuuliza zaidi. Lakini lile vumbi la kijivu alikwenda nalo kichwani.

Alikuwa Bwana Afya wa tarafa, mtu wa Kalangalala pale Geita mjini, na alikuwa amelala usiku wa pili wa safari hii katika kijiji cha Mwakilunde, nusu siku kwa baiskeli kutoka Kharumwa. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mvua ilikuwa imegoma, na watu walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa wakiacha nyuma vihenge, vinu na nyumba zao. Chakula kilichobaki kilikuwa muhogo wa mashamba ya zamani, tena ule mchungu ambao hata nguruwe pori huunusa akapita. Sasa, ndani ya siku nne, nyumba saba zilikuwa zimeugua. Watu kumi na tisa. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, magoti kulegea, yote hayo saa chache baada ya ugali wa jioni. Na mmoja wao, Maganga, mtoto wa miaka sita, alikuwa amezikwa juzi.

Koplo Hatibu wa polisi hakuwa na shaka hata kidogo juu ya aliyewatilia sumu. Eustace alimkuta kwenye baraza ya ghala la pamba, funguo zikizunguka kidoleni.

"Umeoga, Bwana Afya? Unanukia. Mimi nimelala na panya wa ushirika nikimlinda muuaji."

"Mtuhumiwa."

"Haya, mtuhumiwa." Hatibu alianza kukunja vidole. "Moja: nyumba zote saba zimetwangia kwenye kinu cha Mwahija. Mbili: nyumbani kwake hakuna aliyetapika hata mate. Tatu, hii hapa." Akatoa mfukoni kichupa chenye kitu kizito, cheupe, kinachocheza kama jicho la samaki. "Zebaki ya kusafishia dhahabu. Mumewe Muhidini ananunua dhahabu ya wachimbaji. Mume yuko mashimoni, mke kaimwaga kinuni. Unataka nini tena? Sumu ijitambulishe kwa jina na kabila?"

Eustace alikipokea kichupa, akakielekeza kwenye mwanga. Kizibo kilikuwa kimezungushiwa nta. Nta ilikuwa nzima, na vumbi lilikuwa limegandana juu yake. Zebaki ilijaa hadi shingoni.

"Hiki hakijafunguliwa, Koplo."

"Basi kina ndugu yake."

"Ndugu yake umemwona?"

Hatibu alinyoosha kidevu kuelekea kisimani, ambako wanaume kama ishirini walikuwa wamechuchumaa, fimbo mapajani. Hakuna aliyesalimia.

"Lori linakuja saa tatu kumchukua," akasema kwa sauti ya chini. "Kama hawa watamwacha alifikie."

Ilikuwa saa moja. Eustace alifungua daftari lake, akaandika saa. Kama sumu ilikuwa ya Mwahija, basi imefungiwa ghalani pamoja naye. Kama si yake, bado imo ndani ya nyumba zile, na mchana akina mama watabandika tena vyungu.

"Nifungulie niongee naye."

Mwahija alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, khanga kichwani. Wenyewe walimwita Mama Abdu. Alizaliwa Tinde, kule kwenye barabara kuu, kwa mama wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha pale. Hilo nalo halikumsaidia; lilizidi kumfanya mgeni.

"Mama Abdu, kabla ya muhogo, kinu chako kilitwanga nini?"

"Mahindi. Na mpunga wa Idi."

"Unakikodisha?"

"Kinu? Nakiazima. Watu walishushwa hapa bila hata mchi, ningewaambia watwange kwa meno?"

"Nyumbani kwenu mnakula nini?"

"Unga wa mahindi. Baba Abdu ana ndugu zake Tinde, wanatuletea." Alishusha macho. "Ndilo kosa langu, Bwana Afya? Kula?"

"Dawa ya pamba mnaiweka wapi?"

"Sisi hatulimi pamba. Uliza ninachouza, nitakuambia. Chumvi, viberiti na maneno."

Eustace alitaka kucheka, akajizuia.

"Nipe jina la mtu aliyetwangia kwako asiugue."

Mwahija alifikiri. Kule nje fimbo iligonga jiwe.

"Bibi Mageni," akasema mwishowe. "Jumapili alfajiri. Alikuwa wa kwanza, kisha akaja Mama Maganga jua lilipotoka. Bibi alikuja giza, akaondoka giza. Unga wake hata sikuuona, aliufunika."

Eustace aliandika jina hilo, akalipigia mistari miwili. Alipoinuka ndipo alipoona kibuyu cha maji kando ya mlango. Shingoni kilikuwa na ushanga mwekundu na mweupe.

"Nani amekuletea maji?"

"Wallahi sijui. Usiku mtu alikipenyeza pale ubao ulipovunjika. Na kiazi cha kuchoma, kingali na moto. Hakusema neno."

Eustace alikuwa amenywea kibuyu chenye ushanga huohuo jana jioni, katika nyumba aliyolala. Mtu anayempelekea mfungwa maji kwa siri ama ana huruma, ama ana hatia. Na bibi yule alitwanga gizani, alikwangua gizani, alifunika unga wake, na nyumbani kwake hakuna aliyeugua. Eustace alichukua kibuyu.

Lakini kwanza alipitia kwa Limi. Limi ndiye Mama Maganga. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kisimani, uwanja umefagiwa vizuri kama wa harusi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amempakata Scolastika, mtoto wake wa pili, wa miaka minne. Miguu ya mtoto ilining'inia kama ya mwanasesere wa matambara.

"Pole sana, Mama Maganga."

"Nimepoa." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyojibiwa.

"Anasimama?"

"Tangu juzi hasimami. Jana nilimwinua, akakaa."

"Naomba kuuona unga mliokula."

Limi hakumwamsha mtoto. Alimlaza taratibu, akaweka kitenge chini ya shingo yake, ndipo akaenda ndani. Alirudi na kapu. Unga ulikuwa mweupe, hauna doa wala chenga.

"Mzuri," Eustace akasema bila kufikiri.

"Ni mzuri. Tumemenya, tumekata vipande vidogo, tumeanika siku moja juani, tumetwanga. Hakuna ukungu hata chembe. Nilifanya kila ulivyosema, Bwana Afya."

Eustace alichota chembe, akaiweka kwenye ncha ya ulimi. Uchungu ulimpiga mpaka masikioni. Alitema pembeni, akasukutua.

"Ni mchungu."

"Njaa haijui uchungu."

"Nani alikula zaidi?"

Limi alikitazama kile kitenge chini ya shingo ya mtoto.

"Maganga. Alikuwa na njaa. Nilimpa na tonge zangu."

Eustace aliandika, kalamu ikakwama kwenye karatasi. Akaandika tena.

"Mboga ilikuwa nini?"

"Mlenda. Nyama na maziwa tangu lini?"

"Mama Abdu ulimwona akiweka kitu chochote kinuni?"

"Sikumwona. Wakati natwanga, yeye alimbeba Scolastika mgongoni, akamwimbia asinisumbue." Alimfukuza nzi usoni mwa mtoto. "Lakini kama si yeye, ni nani, Bwana Afya? Niambie mtu. Niambie mtu mmoja tu."

Wanaume kisimani walikuwa wameongezeka alipopita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jilala, alikuwa amesimama katikati yao mikono nyuma, akisihi, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Ilikuwa saa mbili kasorobo.

Bibi Mageni alikuwa jikoni. Eustace aliweka kibuyu chini mbele yake, ushanga ukielekea juu. Bibi alikitazama kama mtu anayemtazama mbuzi wake aliyekamatwa shambani kwa jirani.

"Umempelekea maji mtu aliyeua mtoto wa jirani yako."

"Hajaua."

"Umejuaje?"

"Kinu chake nimetwangia mimi, na nipo hapa nakuchemshia uji."

"Basi wewe unakijua kilichoua."

Bibi alivuta nyuma kuni mbili, zisiungue bure.

"Usiniandike daftarini, mwanangu."

"Mayu, saa tatu lori linakuja. Wale pale kisimani hawangoji lori. Kuna nini kwenye ungo?"

Bibi Mageni alichungulia nje. Kisha alinyoosha mkono nyuma ya mtungi, akauvuta ungo, akaondoa khanga. Vipande vya muhogo vilikuwa vimejaa, vingine vyeusi, vingine vimeota manyoya ya kijivu na kijani. Vya upande mmoja vilikuwa tayari vimekwanguliwa na kubaki vyeupe.

"Udaga," akasema. "Wa siku zote. Tunamenya, tunaurundika, tunafunika kwa majani. Siku nne, siku tano. Ndani unapata joto, unalainika, unaota ndevu. Uchungu unaondoka humo ndani ya rundo. Ndipo tunakwangua ndevu, tunaumega, tunaanika mpaka ukauke kau."

"Na mkiuanika bila kuurundika?"

"Unabaki na uchungu wake wote. Muhogo mtamu sawa, anika hata leo ule kesho. Lakini huu! Bibi yangu alikuwa akisema muhogo mchungu ni kama ng'ombe mkali, humkamui siku uliyomleta nyumbani. Na mwaka wa jua kali kama huu ukali wake unazidi."

"Kwa nini basi wenzako hawakuurundika?"

Bibi Mageni alimtazama kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwambia mgeni kwamba amekalia kifaranga.

"Si ulitukataza?"

Moto ulilia kidogo chini ya chungu.

"Ulisimama pale kisimani wiki tatu zilizopita," bibi akaendelea. "Ulisema vizuri sana, watoto wote walikaa kimya. Ulisema chakula chenye ukungu ni sumu, kisiliwe hata kwa njaa. Kisha ukazunguka nyumba kwa nyumba na jembe, ukafukua marundo yetu, ukayatupa shimoni, ukamwagia majivu. Rundo la Limi lilikuwa na siku mbili. Akaona aibu, kwa kuwa ulilinyooshea kidole mbele ya watu. Akiba yake ilipokwisha, akachimba muhogo mwingine, akaufanya mweupe."

"Na wewe?"

"Mimi nililihamishia langu ndani. Hata hili la sasa lilikuwa chini ya kitanda."

"Kitanda kipi?"

"Hicho unacholalia. Nilijua hutainama. Wageni hawainami."

Eustace alikaa kwenye gogo. Alifungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, waraka alioletewa miezi miwili nyuma kuhusu chakula wakati wa njaa. Aliusoma mstari aliokuwa akiusoma kila kijiji. *Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiliwe na watu.* Mahindi na karanga. Kisha akafunua ukurasa wa siku ya mkutano wa Mwakilunde, alioandika kwa mkono wake mwenyewe. *Nimewaagiza: chakula chochote chenye ukungu kitupwe. Marundo kumi na moja yameharibiwa. Wananchi wamepokea vizuri.*

Neno moja. Chochote.

"Mbona hukusema, Mayu, mtoto alipokufa?"

"Nilimwambia Limi kabla: urundike, mwanangu. Akasema Bwana Afya atamwandika. Baada ya kuzika..." Aliinua vidole vyake vya kijivu. "Kikongwe akisimama mbele ya watu akasema anaijua sumu ilivyo, hapa kwetu unajua wanavyomtazama. Nikapeleka maji. Ndilo nililoweza."

Eustace alifunga daftari. Mlio wa lori ulikuwa unasikika kwa mbali, upande wa Kharumwa.

"Nipe unga wako wa Jumapili," akasema. "Na uje nami. Utatembea upande wangu."

Walipofika ghalani wanaume walikuwa wameshaikaribia baraza. Koplo Hatibu alikuwa amesimama mlangoni, na sasa hakuwa akizungusha funguo. Eustace alipanda kando yake, akaomba kila nyumba iliyougua ilete unga wake. Waliguna, lakini Mzee Jilala alipaza sauti na akina mama wakaenda. Makapu saba yalipangwa chini. La nane lilikuwa la Bibi Mageni, unga wa rangi ya majivu, na vijana wawili walicheka walipouona.

"Huo ni wa kulisha bata!"

"Mzee Jilala," Eustace akasema, "onja ncha ya ulimi tu, kisha uteme. Kapu moja baada ya jingine."

Mzee Jilala alionja wa kwanza, akakunja uso, akatema. Wa pili, akatema. Alipofika wa saba macho yalikuwa yanamtoka machozi.

"Nyongo," akasema. "Nyongo tupu."

"Sasa ule wa bata."

Mzee alionja. Akasubiri. Akaonja tena.

"Umechacha kidogo. Uchungu hakuna."

"Unga wa makapu yote nane umetwangwa kinu kimoja," Eustace akasema. "Wa Bibi Mageni ulitwangwa siku moja na wa Mama Maganga, tena ukitangulia. Kama sumu ingekuwa kinuni, bibi huyu asingekuwa amesimama hapa. Muhogo ni uleule mchungu wa mashamba ya zamani. Kilichotofautiana ni kimoja tu. Yeye aliurundika mpaka ukaota, akakwangua. Nyumba saba ziliuanika mweupe."

"Nani aliwafundisha?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Si huyuhuyu mwanamke wa Tinde na usafi wake?"

"Aliyeleta sumu Mwakilunde alikuja na baiskeli ya serikali."

Hatibu alimshika kiwiko. "Bwana Afya," akanong'ona, "funga mdomo. Nitakosa nafasi ya kuwaweka nyote wawili."

"Waraka ulisema mahindi na karanga," Eustace akaendelea, akiinua karatasi. "Na hilo ni kweli, ukungu wa mahindi msiule. Mimi nikasema chakula chochote. Udaga nilikuwa siujui, na sikumwuliza mtu. Nilifukua marundo yenu kwa jembe. Ni mimi. Unga huu mweupe usipikwe leo wala kesho, na mtu yeyote. Koplo, fungua mlango."

Hakuna aliyesogea. Ufunguo ulilia kwenye kufuli.

Mwahija alitoka akiziba macho kwa sababu ya jua. Aliwatazama watu, akatazama makapu, kisha akapita katikati yao moja kwa moja mpaka alipoketi Limi na mtoto wake. Alichuchumaa, akaishika ile miguu midogo kwa viganja vyote viwili, akaanza kuisugua. Fimbo moja iliwekwa chini, ikafuatiwa na nyingine.

Bibi Mageni naye alikuwa ameanza kugawa. Kibaba kimoja kwa kila nyumba, akikisawazisha kwa kiganja, mpaka kapu lake likabaki tupu. "Jioni muutumie huu," alikuwa akiwaambia. "Serikali ikileta unga wa njano wa msaada, mtanirudishia. Isipoleta, basi."

Lori lilipofika lilikuta wagonjwa badala ya mfungwa. Walipandishwa mmoja mmoja kwenda zahanati ya Kharumwa, wenye nguvu wakiwashika wasio nazo. Eustace aliandika majina yote kumi na manane. Jina la kumi na tisa alikuwa nalo tayari. Yeye angekwenda kwa baiskeli mpaka Geita, kutoa taarifa yake kwa wakubwa, na chini ya taarifa hiyo angeandika jina lake kwenye nafasi ya mtuhumiwa.

Limi alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama mbele yake, Scolastika begani.

"Nilimpa na tonge zangu," akasema.

"Wewe ulitii, Mama Maganga. Mimi ndiye niliyeamuru."

"Atatembea huyu?"

"Sijui. Sitakudanganya."

Limi alitikisa kichwa polepole. Mwahija, aliyekuwa amepanda kuwasaidia wagonjwa, alimpokea mtoto kutoka juu, Limi naye akapanda, akaketi kwenye ubao, akafunga khanga yake vizuri. Injini ikaunguruma. Ndipo Limi alipoinama nje ya lori, na ilibidi apaze sauti.

"Bwana Afya! Sijakusamehe."

"Nimesikia."

"Lakini uje tena. Hata wakikufukuza kazi, uje. Uje nyumbani kwangu nikishasonga ugali, ule wewe kwanza, nikuone, ndipo huyu ale. Utakuja?"